Kiti cha Kando ya Mkamwana

Mzee Ambindwile alibana magoti mpaka yakamuuma. Kiti cha ndege kilikuwa chembamba ajabu, na mkono wa kuegemeza kiwiko ulikuwa mmoja tu kwa watu wawili. Dirishani, mwanamke aliyeketi kando yake alikuwa amejifunika kanga gubigubi, uso kaugeuzia nje.

Alijua ni nani. Jana yake Lugano, mwanawe, alimpigia simu kule kijijini Masoko: "Baba, mke wangu naye atakuwemo humo humo ndegeni." Kumbe kijana kawakatia viti vya pamoja bila kufikiri. Watoto wa mjini hawa, shida tupu.

Kwa Wanyakyusa wa rika lake, baba mkwe na mkamwana hawatazamani, hawasemeshani, wala hawagusani hata kwa upindo wa nguo. Ambindwile ameushika mwiko huo miaka minne. Mkamwana akija kusalimia, mzee huingia migombani mpaka apite. Sura yake haijui, sauti yake haijui, habari zake haulizi. Kaka yake Jotham aliupuuza mwiko, akampokea mkamwana wake ndoo ya maji; mwaka uleule wakazika mjukuu. Na sasa Ambindwile alikuwa anakwenda Dar kwenye ubatizo wa mjukuu wake wa pekee.

Basi akajisogeza upande wa pili, nusu ya mwili ikaning'inia njiani.

"Babu, kaa vizuri," alisema mhudumu. Ndege ilikuwa ndogo, na mhudumu alikuwa binti huyo peke yake. Akamshika mabega, akamrudisha kitini, akamfunga mkanda tumboni.

Mzee akajivuta tena. Kitoroli cha vinywaji kikamgonga kiwiko. Binti akainama, akamsugua, akampa pole.

Juu ya milima ya Iringa ndege ikatikisika, kisha ikazama ghafla. Ile kanga ikapepea kumjia. Hofu ya kufa haikufika hata nusu ya hofu ya kuangukia upande ule. Akajitupa njiani, akamkamata mhudumu mikono yote miwili.

"Usiniachie, mwanangu. Naogopa."

"Nipo, babu." Binti akachuchumaa kando yake, kiganja kwa kiganja, mpaka ndege ikatulia.

Walipotua, mzee alifumba macho mpaka abiria wote wakashuka. Hakuguswa hata na upindo. Alimshukuru Mungu kwa Kinyakyusa, polepole, neno kwa neno.

Nje, Lugano alimpokea mkoba.

"We Lugano, unaniketishaje na mkeo? Safari nzima nimekaa roho mkononi."

Lugano alimtazama asielewe.

"Mke wangu hakai na abiria, baba. Yeye ndiye aliyewafunga mikanda."