Seva ya Bondeni

Fundi wa kompyuta wa kituo cha ambulansi alipoiunganisha seva ya nne, alama yake kwenye skrini kubwa ya ukutani ikawaka nyekundu.

Zile tatu za kwanza zilikuwa kijani, kama kawaida. Hii ya nne, inayopokea maombi ya ambulansi kutoka mitaa ya bondeni, ilikuwa haijawahi kuingizwa kwenye programu ya uangalizi. Maombi yalikuwa yamerundikana humo tangu asubuhi, na hakuna dereva aliyepata hata moja.

"Iondoe," meneja alisema, akiiweka sawa tai yake. "Wageni waliokuja kukagua huduma yetu wanapanda ngazi. Tumewaahidi kijani."

"Bosi, hawa ni watu wanaomba gari!"

"Iondoe, dada. Utaitengeneza wakishaondoka."

Fundi aliikazia macho ile alama nyekundu. Kumbe sifa zote zile za kituo kutochelewa hata mara moja walizipata kwa kufumba jicho moja!

Meneja akanyoosha mkono kukishika kipanya. Fundi akaukamata kifundoni, akausukumia mbali. Mlango ulikuwa unafunguka. Akafungua ujumbe wa juu kabisa, akausoma kwa sauti ya kufika hadi kwenye ngazi:

"Mama ameanguka, anapumua kwa shida. Nimewaandikia tena na tena. Jamani, mko wapi?"