Taa ya Barazani

"Shemeji, mbona taa yako inanikaribisha kabla yako?" jirani wa mwisho wa mtaa aliwahi kumuuliza, akicheka, huku akishuka garini.

Mjane hakucheka. Taa ile ya barazani ilikuwa imemkosesha raha. Ilijiwasha bila kuguswa, ikajizima ilipopenda, na kila ilipowaka alihisi mumewe yuko mlangoni, anamwambia: ni wewe uliyenituma.

Na kweli alimtuma. Swichi zile zisizo na waya alizifunga mumewe mwenyewe, kwa mbwembwe zote za mtu mwenye kitu kipya. Lakini zilikuwa na vituko. Unabonyeza, kimya. Unaondoka zako, taa inawaka mgongoni. Jioni moja uvumilivu ulimwisha, akamfokea: "Nenda kaniletee swichi za kawaida, za watu wenye akili!"

Mumewe alitoka kwa miguu, anacheka. Gari likamgonga njiani. Dereva alimpakia mpaka nje ya hospitali, akamlaza langoni na mfuko wake wa swichi kifuani, akatoweka. Mlinzi aliona taa nyekundu za nyuma tu. Tangu hapo mjane aliomba msamaha katika kila sala, na kila alipoinuka magotini mzigo ulikuwa palepale.

Sasa alikuwa amemwita fundi azing'oe swichi zote.

Fundi, mwanamke mnene asiyeishiwa utani, alizunguka nyumba nzima akibonyeza na kusikiliza. Mwishowe akaingiza mkono nyuma ya friji, akatoa kisanduku cheupe kilichojaa vumbi.

"Huyu ndiye bosi wao, mama. Nani kamfunga jela huku? Friji ni chuma, linazuia mawimbi. Swichi zinamwita, hasikii. Akisikia, kashachelewa."

"Mimi," mjane alisema polepole. "Kilikuwa kinanikonyeza nikisali."

Fundi alicheka, akakiweka juu ya kabati. Swichi zikatii palepale, chumba hadi chumba, hata ile ya barazani. Aliiwasha, akaizima, ikatulia.

Mjane akakaa chini. Yaani ni hilo tu? Angekiacha kisanduku pale alipokiweka mumewe, asingemfokea. Asingemfokea, asingetoka.

Nje gari likaegeshwa. Taa ya barazani ikawaka.

"Ah!" fundi alisema. "Wewe nawe, si tumekubaliana?" Akatoa simu yake, akaiunganisha na kisanduku, akaanza kuichokonoa.

Jirani aliingia na mfuko wa matunda, kama kawaida yake. Hakuna aliyemfaa mjane kama huyu. Mazishini alikuja kwa miguu, gari lake likiwa gereji, akachimba kaburi mpaka viganja vikachubuka. Gari lilipotoka gereji, yeye ndiye akawa anampeleka ibadani, na kumrudisha mpaka mlangoni.

"Umelia tena, shemeji?"

"Mimi ndiye niliyemuua." Akamwonyesha kisanduku, akamweleza yote.

"Usiseme hivyo." Jirani aliangalia sakafu. "Mwenye kosa ni aliyekuwa kwenye usukani. Na marehemu naye, Mungu amrehemu, alikuwa na ubishi wa kutembea. Gari langu hakuwahi kulipanda hata siku moja. Nisingekuwa safarini jioni ile, ningemlazimisha."

"Mungu akubariki, shemeji. Ungekuwepo, angekuwa hai."

Jirani aliuhamishia mfuko wa matunda mkono wa pili.

"Mama," fundi aliita, macho bado kwenye simu. "Hii swichi nilikuwa naionea bure. Ni nzima. Kuna kitu kinaiamuru. Baba alikuwa na kidude kwenye funguo zake, kiduara kidogo kama kifungo cha koti?"

"Alikuwa nacho. Alikuwa anajidai nacho kama mtoto."

"Basi aliipangia taa ya barazani ifuate kidude hicho. Kikikaribia nyumba, inawaka. Kikienda mbali, inazima. Mzee alitaka apokewe kwa heshima! Nani anatembea na funguo zake siku hizi?"

"Hakuna. Alikuwa nazo mfukoni siku ile, na hazikuonekana tena. Ilibidi nibadilishe hata vitasa."

"Haiwezekani, mama." Fundi akageuza simu ili mjane aone. "Zimefika hapa sasa hivi."

Mjane aliitazama simu, kisha taa iliyokuwa ikiwaka barazani, kisha gari lililoegeshwa chini yake. Mwishowe akamwinulia jirani macho.

Jirani aliweka mfuko wa matunda mezani, taratibu, kama mtu anayemlaza mtoto aliyesinzia. Akatoka. Gari likanguruma, likashika njia, na nyuma yake taa ya barazani ikazima.