255 Kutoa Nywele

"Mzeeshe zaidi," alisema Desanka, kidole kikigonga kioo cha kompyuta.

Tihomir alikuwa amehamia mji wa Zaječar, Serbia, mwaka jana tu, kuchora sura za marehemu kwenye mawe ya makaburi kwa leza, na hakuwahi kupata mjane wa namna hii. Wengine humwomba awapunguzie waume zao videvu. Huyu, mwalimu mstaafu wa hesabu, hata pole ya msiba hakuiitikia. Alitoa picha ya harusi, kijana mtanashati mwenye nywele nyeusi tii, akaanza kumharibu.

"Mwalimu, jiwe likishachomwa halifutiki. Hakuna picha nyingine ya mzee?"

"Hakuna. Andika."

Kwenye kompyuta picha ni nukta tupu, kila moja na namba yake: nyeusi ni sifuri, nyeupe ni 255. Tihomir akaandika kama alivyoagizwa: nywele zote, 255 kutoa thamani ya kila nukta. Mvi zikajaa kichwa kizima.

"Sasa mikunjo. Kila nukta itoe wastani wa jirani zake. Baki zidisha kwa tatu, ujumlishe na nukta yenyewe."

"Mara tatu? Si atakuwa zabibu kavu!"

"Mara nne basi, kwa huo mdomo wako."

Uso ukajikunja. Tihomir akamwonea huruma mwanamume mwenzake. Lazima alikuwa mlevi huyu, au alificha kimada kule mji jirani wa Negotin, na sasa anakomolewa kaburini mbele ya mji mzima.

Na jiwe lenyewe lilikuwa la watu wawili. Picha ya Desanka, ya juzijuzi, ingekaa ubavuni pa mumewe kama ilivyo desturi ya huko, mwaka wa kufa ukisubiri.

"Na wewe nikunyooshe kidogo?" alimchokoza. "Kanuni ninayo."

"Thubutu! Yangu iache ilivyo. Nitalala pale milele, Tiho, sitaki kuchekwa."

"Nani akucheke wewe? Wa kuchekwa ni huyu."

Desanka alimtazama yule mzee wa kwenye kioo, machozi yakimlengalenga, kama anayejuana naye upya.

"Hapo sawa," akasema.

"Haya, nipe miaka."

"Mimi 1944, kistari, halafu acha wazi. Yeye 1942 hadi 1969."

Tihomir akapiga hesabu: miaka ishirini na saba.

"Watu wakipita pale," alisema Desanka, "wasije wakadhani nimelazwa na mjukuu wangu."