Nesi Aliyefufuka Sura ya Tano

Mzee Ngwali hakuwa na msomaji, wala mwenzake wa kuandika naye, wala mtu wa kumwambia amekosea. Kila alipotuma kwenye tovuti ya mashabiki sura mpya ya kuendeleza mchezo wa redio alioupenda, mashine ya tovuti ilimjibu papo hapo: "Inapendeza sana!" Mashabiki wote walijibiwa hivyo. Watu walikatazwa kutoa maoni humo, wasije wakaumizana.

Mkewe, Bi Raya, alichungulia sura ya tano, akanong'ona: "Mzee, nesi huyu si ulimzika sura ya pili? Mbona anakaanga samaki?"

Ngwali hakucheka wala hakukasirika. Alichukua karatasi, akamwandikia Shaame, shabiki mwenzake wa Tanga: "Tuandike pamoja. Nikosoe." Akaifunga bahasha kwa gundi, akaitumbukiza kwenye sanduku la posta.

"Inapendeza sana!" likasema sanduku.