Kadi Inayopiga Hodi

Kompyuta ya Mwanakheri ilikuwa kuukuu, na kadi yake ya mtandao haikuwa na programu ya kuiendesha, basi akaiandika mwenyewe. Tatizo, kebo ikitikisika tu, kadi inapiga hodi kusema kuna hitilafu, programu haijui la kujibu, mtandao unakufa mpaka uzime uwashe.

Asubuhi hiyo mama yake alikuwa mbele ya skrini, anamtazama mjukuu wake wa kwanza, aliyezaliwa nchi ya mbali.

"Mama, nachomoa kebo."

"We una wazimu? Ndo kwanza amefumbua macho."

"Programu niliirekebisha jana. Kadi ikipiga hodi, programu inaitika, inafuta hitilafu, inaiamsha tena. Ijumaa anapewa jina, sitaki mtandao ufe siku hiyo. Bora nijaribu sasa."

"Kajaribu kwa mkweo."

Akachomoa. Picha ikaganda, mtoto kaachama. Mama akashika kichwa. Mwanakheri akachomeka, akabana pumzi. Taa ya kadi ikapepesa, ikapepesa tena, na mtoto akarudi, keshacheua maziwa.

Mama alishika pembe ya kanga, akaanza kumfuta kidevu pale pale juu ya kioo.