Nakala Kumi na Moja

Nakala ya kumi na moja ilikuwa chini kabisa ya katoni la vitabu vya mapishi, na hii nayo ilikuwa na saini yake.

Mwalimu mstaafu aliipangusa vumbi akasoma alichoandika kwa mkono wake mwenyewe miaka sita iliyopita: "Kwa kaka yangu wa tumbo moja. Tumkumbuke mama." Akaiweka juu ya zile kumi. Ya shemeji ilikuwemo. Ya mkuu wake wa shule ilikuwemo, hata ya rafiki yake wa kufa na kuzikana. Ya mkewe tu ndiyo ilikuwa salama nyumbani, kando ya kitanda.

Mauzo ya hisani yalikwisha jana, na leo alikuwa amejitolea kupanga vitabu vilivyobaki ili vigawiwe vikundi vya mtaa. Kumbe amekuja kujiokota mwenyewe! Waliopewa kitabu chake bure walikitoa bure, na wanunuzi nao wakakipita kama hawakioni.

Roho ilimuuma. Hawa wote walimpigia simu wakati ule. "Kitabu kimenigusa, ndugu yangu," kaka alisema, "hasa ule mwisho." Shemeji aliapa kwamba hakulala mpaka akakimaliza. Unafiki mtupu! Miaka minne aliandika habari za mama yake, aliyefua nguo za watu mpaka vidole vikapasuka ili yeye asome. Alitaka watu wamjue mwanamke yule, basi. Hakuomba kingine.

"Na hivi vinagawiwa?"

Mwenyekiti wa kikundi cha mafundi cherehani alikuwa amesimama mlangoni, tepu ya kupimia bado iko shingoni.

"Chukua vyote kumi na moja," Mwalimu alisema bila kumtazama. "Karatasi zake zitawafaa kufungia vifungo."

Fundi hakucheka. Alifungua ukurasa wa kwanza, akasoma palepale akiwa amesimama, midomo ikicheza taratibu. Kisha akavikumbatia vyote, akaenda navyo.

Kesho yake asubuhi, Mwalimu akimalizia kupanga vitabu, fundi alirudi, macho mekundu kwa kukosa usingizi.

"Mwalimu, umenifanyia nini wewe? Mama anapelekwa hospitali, mimi moyo unanidunda, nafunua ukurasa, peupe! Nachukua kitabu kingine, peupe. Vyote kumi na moja! Sasa niambie, alipona au hakupona?"

Mwalimu alimpokonya kitabu. Hadi ukurasa wa tisini na sita maandishi yalikuwepo. Kuanzia wa tisini na saba hadi wa mia na kumi na mbili, karatasi zilikuwa nyeupe pe. Mchapaji alikuwa ameruka sura ya saba nzima, ile ya mwisho, na yeye, aliyeijua hadithi yote kwa moyo, hakuwahi kufungua zaidi ya ukurasa wa kutia saini. Nakala mia mbili za chapa hiyohiyo alizigawa. Kwa miaka sita hakutokea hata mmoja wa kumuuliza sura ya saba imekwenda wapi.

Alikaa juu ya katoni, kitabu kikiwa wazi mapajani.

"Hakupona," alisema. "Lakini kabla ya hapo alinieleza mambo. Daftari langu la mkono ninalo bado. Nitakuandikia."

"Andika leo basi," fundi alisema. "Wenzangu nimewasimulia mpaka hapo hospitali, na cherehani zimesimama. Hakuna anayeshona mpaka nirudi na jibu."

Mwalimu alirudi nyumbani mbiombio, umri wake ameusahau. Kaka, shemeji na wenzao wote waende zao! Mama alikuwa amepata wasomaji, tena wanaodai. Alilitoa daftari kabatini, akasogeza kiti mezani, akaanza kunakili kwa mwandiko mkubwa ambao hata mtu aliyechoka angeusoma.

Mkewe alimletea chai, akachungulia juu ya bega lake.

"Unaandika nini tena, baba watoto?"

"Nanakili sura ya saba. Kuna mafundi cherehani wanaitaka."

Mkewe aliweka kikombe mezani taratibu. Akamshika bega, na machozi yakamlengalenga.

"Sura ya saba! Mwenzio nimeisoma mara tatu, na mara zote tatu nimelia. Tafadhali, usiongeze wala usipunguze hata neno. Iache vilevile ilivyo kitabuni."