Dishi la Kugeuza kwa Mkono

“Chukua hili, mzee,” alisema mwenye duka. “Unaliweka juu ya gari, unabonyeza kitufe, linajizungusha lenyewe mpaka linanasa picha. Hata ukisafiri peke yako hupati tabu.”

Mzee Shemweta alilitazama lile dishi, kisha akaligeukia basi lake dogo, ambalo alilifanya nyumba alipostaafu, likiwa limeegeshwa mbele ya duka. Ndani alikaa mkewe, Mama Hiza. Hiyo ilikuwa siku ya tatu hawasemezani, tangu mzee alipoipita njia ya kwa shemeji yake bila hata kusimama Mama Hiza akamsalimie dada yake.

“Na lile la pembeni?”

“Lile linageuzwa kwa mkono. Lazima ndani awepo mtu wa kukupigia kelele picha ikitokea.”

“Nipe hilo.”

Wakaliunganisha palepale na televisheni ya ndani ya basi kulijaribu. Mzee akapanda juu ya basi, magoti yakimuuma, akaanza kuligeuza taratibu.

“Inaonekana?”

Kimya. Akageuza tena, jasho likimtiririka. “Mama Hiza, inaonekana?”

Alikuwa ameshainama ashuke aliposikia sauti ya mkewe, bado ina kisirani.

“Bado! Rudisha kushoto.”

Akarudisha.

“Kidogo tu, we mwanamume! Hapo! Hapohapo, usiguse!”

Mzee Shemweta alitabasamu peke yake kule juu. Kisha, kwa kidole kimoja, akalisukuma dishi pembeni kidogo.